Mwonja Jibini Asiyemeza

Mama mkwe wangu alikuwa mwonja jibini. Kazi hiyo ndiyo iliyomlea mwanawe, ikamsomesha, ikamvisha viatu vya ngozi, na mwishowe ikamtia aibu mbele ya rafiki zake. Niseme mapema kwamba mwanawe huyo alikuwa mume wangu, na kwamba simtaji kwa wema. Aliondoka na mwanamke aliyekuwa akinisuka nywele. Alichukua nguo zake, redio, na pazia la sebuleni, akamwacha mama yake. Lile pazia nililishona kwa mkono wangu.

Watu huniuliza kwa nini nilibaki na mama wa mtu. Wengine hawaulizi, wanasema tu wao kwa wao: anaikalia nyumba yule. Nyumba ni ya mama mkwe, kweli, na mimi sina pengine pa kulaza kichwa, hilo nalo ni kweli. Lakini siku mwanawe alipokuwa akitoa masanduku, mama alisimama mlangoni akamwambia, "Nenda, ila funguo ziache." Akazipokea, akanitia mimi mkononi, akaenda jikoni kuteleka maji ya chai. Basi nikabaki, na wenye midomo wakaendelea kuitumia.

Kiwanda alichofanyia kazi kilikuwa nyuma ya ukuta mrefu wa matofali, na chini yake kulikuwa na ghala. Sijawahi kulitia mguu, lakini nalijua kama ninavyokijua chumba changu, maana alinitembeza humo kwa maneno mchana baada ya mchana. Unashuka ngazi, baridi inakushika kwanza vifundo vya miguu. Halafu harufu: si mbaya, si nzuri, harufu ya uyoga na ukuta uliolowa na mtoto mchanga aliyelala. Halafu macho yanazoea giza na unaziona jibini kwenye rafu za mbao, duara baada ya duara, za njano na za kijivu, kama miezi iliyoshuka kupumzika kabla ya kurudi angani. Wanawake wenye aproni nyeupe wanapita katikati yake wakizigeuza, leo upande huu, kesho upande ule, na hakuna anayepaza sauti.

"Haikukatazwa kupiga kelele," alikuwa akiniambia. "Ila ukiwa mle unaona kama kuna watu wamelala, na wewe ndiye umeachiwa kuwaangalia."

Alianza kwa kugeuza. Kisha siku moja akasema jibini fulani ina huzuni. Wenzake wakamcheka mpaka wakashika mbavu. Ilipokatwa, ndani ilikuwa imeharibika. Tangu hapo wakamwita Ulimi, naye akapewa kile chuma chembamba chenye mfereji katikati. Anakichoma ubavuni mwa jibini, anakizungusha, anakivuta, kinatoka na kipande kirefu kama kidole cha mtoto. Anamega ncha tu. Kilichobaki anakirudisha palepale kilipotoka, anaziba kwa kidole gumba, na jibini inaendelea na usingizi wake. Ile ncha anaisugua kati ya vidole hadi ipate joto, anainusa, anaiweka ulimini, anafumba macho. Hatafuni. Anaiacha iyeyuke. Kisha anatema kwenye ndoo, anasema: bado, au iko tayari, au hii itengeni na wenzake.

Kumeza kulikuwa marufuku. Waliambiwa kwamba tumbo likishiba ulimi unalala. Lakini sababu yenye meno ilikuwa nyingine: jibini ilikuwa mali ya mwenye kiwanda, na anayemeza mali ya mtu ni mwizi. Msimamizi alisimama kando ya ndoo, mikono nyuma, akiangalia kilichoingia kikitoka. Mwonjaji mmoja alishikwa na kikohozi, ncha ikamteremka bila kutaka, akafukuzwa kabla ya chai ya asubuhi. Mama mkwe alikuwa amesimama pembeni yake. Aliniambia kwamba kuanzia siku ile koo lake lilijifunza kufunga mlango lenyewe, hata asipoliamuru.

Nyumbani hakuleta jibini. Alileta harufu yake kwenye nywele na kwenye nguo, na mwanawe akarudi kutoka shuleni akilia kwamba watoto wanaziba pua. Alipostaafu walimpa jibini nzima, kubwa, ya daraja la kwanza, imefungwa utepe. Mwanawe akaibeba kabla haijafika mezani, akampelekea mkubwa wake kazini ili apandishwe cheo. Akapandishwa. Mama mkwe alinisimulia haya bila uchungu, kama anayesimulia mvua iliyonyesha kwa jirani. Uchungu niliuchukua mimi. Mimi na uchungu tunakaa nyumba moja.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Walimpasua, wakamuunga, wakamrudisha nyumbani na kile chuma cha miguu minne cha kujishikilia, akawa kama amesahau mwili wake hospitali. Nyama haitafuniki, meno yamekwenda. Yai linanuka. Maharage yanamjaza tumbo upepo. Maziwa yakiingia tu, tumbo linanguruma. Supu vijiko vichache, kisha anageuza uso ukutani. Mifupa ya mabega ikaanza kuonekana chini ya gauni kama kining'inizo cha nguo.

Kliniki kulikuwa na binti wa lishe, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza watoto. Akija nyumbani anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alimpima mama, akanivuta kando.

"Mama, bibi anahitaji vya kujenga mwili na vya kushika mifupa. Akiendelea kupungua hivi, lile ungio la nyonga halitashika, na tutamrudisha wodini tumlishe kwa mpira wa puani. Kuna kitu gani anakipenda?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka kitandani: "Jibini."

Binti akafurahi kana kwamba amepewa zawadi. Akanieleza, na kwa kuwa mimi kusoma ni shida, akanichorea. Jibini ni maziwa yaliyokusanywa mahali padogo, akasema. Kipande cha ukubwa wa vidole viwili kinabeba kazi kubwa. Maji yanayonguruma tumboni sehemu yake kubwa yamekwisha kuchujwa, kwa hiyo nianze na kidogo nione. Ila bibi ana presha, basi niangalie chumvi. Jibini ngumu ya siku nyingi ina ladha kali, kidogo kinatosha, lakini mara nyingi ina chumvi. Ile nyeupe inayokaa kwenye maji ya chumvi niiloweke maji safi kwanza. Isiyotiwa chumvi ndiyo bora kwake. Nimpe pamoja na mboga na matunda na mkate wa unga usiokobolewa, isiwe jibini peke yake.

"Na usimtishe nayo," akasema. "Chakula kikiwa dawa kinakataliwa kama dawa."

Nilikwenda duka kubwa lenye kaunta ya jibini. Sijawahi kununua jibini maishani. Nyuma ya kioo zilipangwa kama vito, na muuzaji alikuwa jamaa mnene mwenye kofia ya karatasi.

"Karibu, mama. Unataka ya kukata, ya kukwangua, au ya kupaka?"

"Nataka ya kumeza, kaka."

Akacheka mpaka kofia ikamwangukia machoni. Nami nikamweleza habari za presha na meno. Akaacha kucheka, akanisomea maandishi madogo kwenye karatasi za kila moja, akasema hii chumvi ni nyingi, hii nayo, hii afadhali. Vile vipande laini vilivyofungwa kimoja kimoja kwenye plastiki alivipita. "Humo chumvi imejaa mpaka imelala na viatu," akasema. Nikaondoka na kipande kidogo cha ngumu, cha rangi ya siagi.

Mchana ule nakumbuka mwanga ulivyoingia. Dirisha la chumba cha mama mkwe limeelekea uwanja wa shule, na baada ya chakula cha mchana watoto wanapokuwa madarasani kunakuwa na utulivu wa ajabu, na jua linatambaa sakafuni polepole kama mtu anayetafuta sindano. Nilimwekea sahani mapajani: jibini, vipande vya tufaha nilivyovichemsha kidogo vilainike, mkate. Alichukua jibini kwanza. Akaisugua kati ya vidole. Vidole vile vilivyokuwa vikitetemeka kwenye kijiko vikatulia. Akainusa. Akaiweka mdomoni, akafumba macho.

Nilisubiri. Uso wake ulifunguka taratibu, mikunjo ikaachiana, na kwa muda nikamwona mwanamke ambaye sikuwahi kumkuta, kijana, amesimama kwenye baridi.

"Ng'ombe wamekula majani makavu," akasema huku macho yamefungwa. "Mvua ilichelewa. Lakini aliyeitunza alikuwa na subira. Kuna njugu kwa mbali. Kuna moshi, sijui wa nini. Iko tayari."

Kisha akachukua kikombe kitupu cha chai, akatema.

"Mama!" nikasema.

"Iko tayari," akarudia. "Wapelekee."

"Nimpelekee nani? Imenunuliwa kwa ajili yako!"

Akanitazama kama anayetazama mgeni kupitia ukungu. Tufaha alikula mawili. Mkate aliumega, akaula pembeni. Jibini yote aliionja, ncha moja moja, kwa furaha ambayo sijamwona nayo tangu aanguke, na yote ikaishia kwenye kikombe.

Ndipo ujue jinsi dunia inavyotuchezea. Kitu kimoja tu alichokifungulia mdomo kwa hamu ndicho hichohicho asichoweza kukimeza.

Nikajaribu nyeupe. Niliiloweka, nikabadilisha maji, nikaikatakata na nyanya na tango. Akatema jibini, akala nyanya, akasema, "Chumvi mmeiogesha lakini bado imo, imejifunga taulo." Nikajaribu ile laini ya kupaka, nikaisambaza kwenye mkate nikidhani sasa nimempata, huwezi kutema mkate. Akailamba juu, akatema, akanirudishia mkate mtupu kwa adabu kabisa, kama anayerudisha sahani ya jirani.

Nikapandisha hasira. Mimi si malaika. "Meza!" nikamwambia. "Unaumia, unakonda, wanataka kukurudisha wodini, na mimi natembea jua lote kukutafutia! Meza tu, Mama, kama watu wanavyomeza!"

Akainamisha kichwa, akanong'ona, "Anatazama."

"Nani?"

Akaonyesha kwa kidevu kona ya chumba, kati ya kabati na mlango. Kulikuwa na koti langu limetundikwa. Nikalitoa. Akaendelea kuangalia pale pale lilipokuwa.

Ndipo nikaelewa kwamba mchana, mwanga ule ukiingia, yeye hayupo hapa. Ameshuka ngazi. Kitanda ni benchi, rafu ziko pande zote, baridi imemshika vifundo. Alikuwa akirudi kwangu jioni, watoto wa shule wanapomwagika uwanjani kwa makelele, na akirudi alikuwa mama mkwe wangu yuleyule mwenye maneno. Lakini jioni hataki kula. Hamu anayo kulekule chini, na kulekule chini kuna mtu amesimama na mikono nyuma.

Siku iliyofuata nikaamua kumfuata. Nilitoka jikoni kukanda unga, nikasimama kwenye ile kona, mikono nyuma, nikakaza sauti.

"Ulimi! Mimi ndiye msimamizi. Leo nimeruhusu. Meza."

Akafumbua jicho moja. Akaniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Msimamizi gani amevaa ndala?"

"Msimamizi mpya."

"Msimamizi mpya ana unga puani." Akacheka, meno hayapo, mabega yakatikisika. Kisha akatema. Nikakaa chini sakafuni nikacheka naye, na nusu ya kicheko changu ilikuwa kilio, lakini hilo sikumwonyesha.

Binti wa lishe alikuja, akampima. Jikoni akaniambia bibi amepungua tena. Atarudi wiki ijayo, na kama hali ni ileile, hana budi kuita gari la wagonjwa.

Nilimpigia simu mwanawe. Sikutaka, lakini damu ni yake. Nyuma yake nilisikia redio yangu, naijua inavyokoroma.

"Basi aende wodini," akasema. "Huko wana wataalamu. Na hiyo nyumba ikibaki tupu tutaangalia la kufanya."

"Nyumba itabaki tupu vipi, nami nimo?"

"Ndiyo maana nasema tutaangalia."

"Angalieni," nikamwambia, nikakata. Kisha nikasimama pale koridoni nikiwa nimeshika simu kifuani. Wodini mama mkwe alikwisha kuniambia hataki kurudi. Alisema kule taa hazizimwi kamwe, mtu hapati mahali pa kuota. Na mimi, nikimtoa Mama mlangoni kwa machela, najua wazi sitakuwa na mtu wa kumwambia chai iko tayari.

Binti wa lishe, kabla ya kuondoka, alikuwa ameniambia jambo kama la kupitia tu: jibini isiyo na chumvi mtu anaweza kujitengenezea. Maziwa, limau, kitambaa safi. Nilikuwa nimelipuuza. Sasa nikalichukua, kwa kuwa sikuwa na jingine.

Niliweka maziwa motoni nikasimama nikiwaza yale ya kwenye simu, na hapo ndipo nilipoharibu. Mawazo yana moto wao. Niliposhtuka, chini ya sufuria pameshika. Nikakamua limau, nyingi kupita kiasi, maziwa yakakatika mapandemapande kama mtu aliyepewa habari mbaya. Nikayamimina kwenye kitambaa, nikakifunga, nikakining'iniza kwenye bomba la sinki, maji ya kijani hafifu yakawa yanadondoka tone, tone, tone.

"Nani ameunguza maziwa?"

Nikageuka. Alikuwa amesimama mlango wa jikoni, ameshikilia kile chuma chake, gauni limemkaa kama bendera siku isiyo na upepo. Tangu aletwe kutoka hospitali hakuwahi kufika jikoni kwa miguu yake.

"Ni mimi, Mama. Rudi ukalale, utaanguka."

"Nilale vipi na harufu hii? Umeyaua." Akajikokota, chuma kikigonga sakafu, akaketi kwenye kiti kando ya meza. "Hebu lete hicho kitambaa. Unakining'iniza, umemnyonga nani?"

Nikakifungua mbele yake. Kilikuwa kitu cha kutia huruma. Kijivu kidogo, chembechembe, upande mmoja kimeshika mikunjo ya kitambaa. Akakibonyeza kwa kidole. Maji yakatoka.

"Loo," akasema. "Hiki ni kitu gani?"

"Ni jibini."

"Nani kakwambia?"

"Mama, usinicheke, nimechoka."

Akamega ncha. Akaisugua kati ya vidole, ikavunjika. Akaokota vipande mezani kwa uvumilivu. Akanusa, akarudisha kichwa nyuma. Akaweka mdomoni. Mimi tayari nilikuwa nimeshamletea bakuli la kutemea. Mkono ulikwisha kuzoea. Nje watoto walikuwa madarasani, na mwanga uleule wa mchana ulikuwa umeingia jikoni, umelala juu ya meza, juu ya mikono yake, juu ya kile kitu changu kibaya. Nikajua ameshuka. Nikajua yuko kwenye ngazi, na kwamba yule mtu yuko kando ya ndoo.

Akalitazama bakuli. Akanitazama. Mdomo umefungwa, shavu limevimba kidogo.

"Hii inakwenda kwa nani?" akauliza, ulimi ukizunguka kile alichokishika.

"Kwa nani vipi?"

"Mnunuzi wake nani?"

"Mnunuzi?" Nikatazama mezani. "Mama, nani mwenye akili zake atainunua hii?"

Akafikiri. Alifikiri muda mrefu, huku macho yakitembea kwenye rafu ambazo mimi sizioni, moja baada ya nyingine, kama anayetafuta nafasi ya kuiweka na kukuta kote kumejaa.

"Kweli," akasema. "Hii hakuna atakayekuja kuiulizia."

Nikaona koo lake likipanda, likasimama. Likashuka.

Sikupumua. Yeye mwenyewe alishika shingo kwa mkono, ameshtuka, akisubiri, nadhani, kusikia sauti ya mtu. Bomba likadondosha tone. Hakuna aliyesema kitu.

"Ni mbaya sana," akasema hatimaye. "Uchachu wa limau. Moshi wa sufuria. Wala haina umbo." Akamega nyingine. "Ni mbaya ajabu." Akameza. "Huna aibu? Unampa mtu kitu kama hiki?" Akamega nyingine, kubwa zaidi. "Lete basi na hilo tufaha niondolee ladha."

Nilimpa tufaha. Nilimpa na mkate. Nilisimama nikiegemea sinki, nikimtazama mama wa mtu akila chakula changu huku akikitukana, na sijawahi kutukanwa vizuri namna ile.

Tumbo halikunguruma sana. Kesho yake nikatengeneza nyingine, na keshokutwa. Wiki ilipotimia, binti wa lishe alimpima, akampima tena kwa kutoamini mashine, kisha akaketi kitandani akamshika mkono. Gari la wagonjwa halikuitwa. Aliniuliza nimetumia njia gani. Nikamwambia: ubaya. Akadhani natania.

Sikutania. Kuna jambo ambalo sikulitegemea. Mtu akifanya kitu kila siku mikono inajifunza, hata kama hataki. Limau nikaanza kujua kipimo chake. Moto nikaushusha kabla maziwa hayajashika. Jibini yangu ikaanza kuwa nyeupe, laini, yenye utamu mdogo wa maziwa mapya, nami nikajisikia vizuri, mjinga mimi, nikampelekea kwa kujivuna. Akaionja, uso ukamfunguka, macho yakajifumba, na nikaona shavu linavimba na mkono unatafuta kikombe. Nilikaribia kupiga yowe.

Tangu siku hiyo nikawa naiharibu kidogo makusudi. Naacha moto uguse chini. Nazidisha limau. Naibonyeza ipoteze umbo. Jirani mmoja, mmoja wa wale wenye midomo, alinikuta nikifanya hivyo akasema kweli mwanamke aliyeachwa huchanganyikiwa. Nikamwacha na ushindi wake. Mama mkwe alikuwa anatembea kutoka chumbani hadi jikoni na kurudi, anasema jibini yangu ni balaa, na mashavu yake yalikuwa yanajaa. Ningeharibu jibini za dunia nzima.

Lakini mtu hawezi kuwa macho kila siku. Kulikuwa na mchana mmoja wa mawingu, mvua nyembamba, nyumba imejaa rangi ya kijivu kama ndani ya lulu. Nililala kitini wakati kitambaa kikichuja. Nilipoamka nikakifungua, na ilikuwa imejikusanya yenyewe, duara, laini, inang'aa, bila alama. Sikuwa na maziwa mengine. Sikuwa na moyo wa kuivunja pia, nitasema ukweli. Mikono yangu haijawahi kutengeneza kitu kizuri ambacho hakikuchukuliwa.

Alikuwa ameketi mezani. Akaiona. Akaizungusha sahani polepole, akaitazama pande zote kama walivyokuwa wakizitazama kwenye rafu. Akamega, akasugua, akanusa, akaweka mdomoni, akafumba macho.

Mvua ilikuwa inasema mambo yake dirishani. Sikumletea kikombe. Sikuondoa kikombe.

"Hii," akasema, "ingenunuliwa."

Ningeweza kudanganya. "Ingenunuliwa, Mama," nikasema.

"Wangeipigania."

"Wangeipigania."

Akafumbua macho. Sijui alikuwa chini au juu; sijui kama kona ile ilikuwa na mtu. Alinitazama mimi tu, kwa muda, na nadhani aliniona kama nilivyo, mwanamke mtu mzima mwenye ndala na unga puani.

Akameza.

Kisha akaisogeza sahani katikati ya meza, akanivutia kiti kwa mkono ule wenye mifupa, akasema, "Keti. Hii haiuzwi. Kata na yako."